Mapaja ya kuku kwenye sigiri ya mkaa: moto wa pole kwanza, mkali mwishoni

Paja si kidari. Ukilichoma kwa haraka kwa kuogopa kulikausha, utapata nyama iliyoiva lakini inavutika kama mpira, na pale karibu na kiungo bado ina ute. Kidari hukauka kikipita nyuzijoto 70 na kitu, kwa hiyo huchomwa kwa tahadhari. Paja lina mafuta ndani, lina kano na tando nyingi, maana kuku hutembea nalo kutwa. Tando hizo hazilegei mpaka nyama ipite nyuzi 70, na hata hapo zinataka muda. Zikishalegea huyeyuka na kuwa ule unyevu mzito unaonata kidogo kwenye midomo, na huo ndio watu wanaousifu wakisema kuku huyu ana majimaji.

Kuku ni salama kuliwa sehemu nene ikifika nyuzijoto 74. Paja lenye mfupa huwa tamu zaidi likifika kati ya 80 na 85. Tofauti hiyo ni ya dakika kama kumi tu kwenye moto wa wastani, na wengi ndipo wanapokosea: wanaona ngozi imeshakuwa nyeusi, wanatoa.

Kununua

Chukua mapaja ya kuku wa kisasa, yenye mfupa na ngozi. Mfupa hupunguza kasi ya joto na ngozi hukinga nyama, na kwenye sigiri isiyo na kirekebishi cha joto, ulinzi huo unauhitaji. Paja moja la kawaida lina gramu 150 hadi 200, kilo 1.2 ni mapaja sita hadi manane, yanatosha watu wanne wenye njaa.

Mara nyingi utauziwa mguu mzima, paja na mguu wa chini vikiwa pamoja. Usiukate kwa nguvu za panga. Ulaze ngozi ikiwa chini, utaona mstari mwembamba wa mafuta meupe ukipita juu ya kiungo. Weka kisu hapo na ukandamize. Kitapita katikati ya mifupa bila kelele. Kikigonga mfupa, umekosea kwa milimita chache tu, sogeza kuelekea upande wa mguu wa chini ujaribu tena. Vipande vya mfupa uliovunjwa ndivyo vinavyochoma fizi za wageni.

Kama nyama imetoka kwenye friza, iyeyushe usiku kucha ndani ya friji, au ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, lililofungwa vizuri na kuzamishwa kwenye maji baridi, ukibadilisha maji kila nusu saa. Kuianika barazani juani ni kuwapa vijidudu karamu: nje inapata joto wakati katikati bado ni barafu. Na nyama yenye barafu katikati haichomeki sawasawa, hata ufanye nini.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Kama ni mtetea mzee au jogoo aliyekomaa, sigiri peke yake haitamlainisha. Mchemshe kwanza kwa moto mdogo katika maji yenye chumvi na tangawizi mpaka uma uingie bila ubishi, mara nyingi saa moja au zaidi, kisha mkaushe na kumchoma dakika kumi tu apate rangi na moshi. Supu unabaki nayo. Lakini kumchemsha kuku wa kisasa kabla ya kumchoma ni hasara tupu. Ladha na mafuta yake yanabaki sufuriani, na unachochoma baada ya hapo ni nyuzi.

Kutayarisha

Usiioshe nyama chini ya bomba. Maji yanayoruka hubeba vijidudu kama salmonela mpaka kwenye kachumbari yako, na joto la moto ndilo linaloviua, si maji. Ikiwa kuna unyoya au kipande cha mfupa, kitoe kwa vidole. Kisha kausha kila paja kwa karatasi ya jikoni mpaka ngozi isiwe na utelezi. Ngozi iliyolowa hutoa mvuke kwanza kabla ya kukauka, na mvuke haukaushi kitu.

Punguza mikunjo ya mafuta inayoning'inia pembeni, maana hiyo ndiyo itakayodondoka na kuwasha miali. Usivue ngozi yote. Geuza paja, upande wa nyama ukitazama juu, na upitishe ncha ya kisu kando ya mfupa kutoka mwanzo hadi mwisho, kina cha sentimita moja hivi. Chanjo hiyo moja huruhusu chumvi na joto kufika pale panapochelewa kuiva. Upande wa ngozi usiuguse. Ukiuchanja, mafuta hutiririka mapema na ngozi hujikunja kama kiatu cha zamani.

Chumvi ndiyo muhimu kuliko kiungo chochote. Kwa kilo 1.2 ya mapaja yenye mfupa tumia vijiko 2 vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa, visiwe na kilima. Hiyo ni kama gramu 12. Nyunyiza pande zote na hasa ndani ya ile chanjo. Dakika chache baadaye utaona nyama imetoa jasho. Hapo watu huogopa na kulimwaga jasho hilo. Iache. Baada ya nusu saa hadi dakika arobaini unyevu ule unaanza kurudi ndani, safari hii ukiwa na chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoisaidia nyama kushika maji yake juu ya moto. Kwa hiyo ama utie chumvi mara tu kabla ya kuchoma, ama usubiri dakika 45 au zaidi. Katikati ya hapo ngozi iko katika hali mbaya kuliko zote: imelowa na chumvi haijaingia.

Mwenye friji aiache kwa muda wa saa nne hadi usiku kucha, bila kufunika, kwenye rafu ya chini kabisa ili isidondokee kitu. Ngozi itakauka na kuwa kama karatasi, jambo unalolitaka. Asiye na friji aiache saa moja mahali penye kivuli na baridi, aifunike kwa wavu wa kuzuia nzi, kisha aende motoni. Kuku mbichi asikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili.

Viungo vyenyewe ni vichache. Ponda punje 5 za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, changanya na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, kijiko kimoja cha chai cha binzari ya manjano au ya mchuzi, na vijiko 2 vya chakula vya mafuta. Pilipili kali ni hiari yako. Paka zaidi upande wa nyama na kidogo tu kwenye ngozi, kwa sababu vipande vya saumu juu ya ngozi huungua na kuwa vichungu kabla ya nyama kuiva. Ukitumia viungo vya pakiti, soma nyuma ya pakiti: vingi vina chumvi tayari, na hapo punguza ya kwako kwa nusu.

Limau lina mipaka. Maji ya nusu limau kwa nusu saa ya mwisho yanapendeza. Yakikaa usiku kucha, uso wa nyama hupauka na kuwa kama chaki. Papai bichi ni hatari zaidi. Utomvu wake hukatakata nyama kwelikweli, na kwa paja laini la kuku wa kisasa halihitajiki kabisa. Limwekee jogoo, na hata yeye si zaidi ya nusu saa. Asali na sukari visionekane hapa mwanzoni. Zamu yao itakuja.

Moto

Washa kwa karatasi, vijiti vikavu au magunzi ya mahindi. Kuwasha mkaa kwa kavera ni desturi iliyoenea, na ni mbaya: moshi wa plastiki una sumu, na mabaki yake yanayeyukia kwenye mkaa uleule utakaoivisha chakula. Mafuta ya taa nayo huacha harufu inayodumu mpaka mwisho wa mlo.

Mkebe wa lita 4 uliojaa mkaa wa mti mgumu unatosha mapaja manane. Mkaa mzuri ukigonganishwa hulia kama vigae. Mwepesi unaomeguka vidoleni utakwisha kabla nyama haijaiva. Subiri mpaka makaa yavae koti la majivu meupe, kama dakika 20 hadi 25. Ukiweka nyama makaa yakiwa bado na weusi na moshi mzito, utakula huo moshi, na ni mchungu.

Mchomaji wa Namawojjolo, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, anayekimbiza vijiti vya kuku mpaka kwenye dirisha la teksi, hafanyi kazi na sigiri moja ya duara. Kwenye jiko refu nyama inaweza kusogezwa kutoka kwenye makaa hadi pasipo na makaa. Nyumbani inabidi uitengeneze nafasi hiyo. Njia mbili zinafaa.

Ya kwanza, kama sigiri yako ni pana: sukuma makaa yote upande mmoja na uweke kipande cha tofali katikati kuyazuia yasiporomoke. Upande mmoja wa wavu utakuwa mkali, mwingine wa pole. Ya pili, kwa sigiri ndogo: panga matofali mawili au manne kando yake na uweke wavu juu ya matofali, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye makaa. Mwishoni unaondoa matofali na kuushusha wavu. Njia ya pili ni ya usumbufu kidogo lakini ndiyo inayofaa kwa sigiri nyingi za nyumbani.

Pima joto kwa kiganja. Kiweke pale nyama itakapokaa na uhesabu sekunde pole pole. Ukiondoa mkono kwenye 2 au 3, moto ni mkali, ni wa mwishoni. Ukivumilia hadi 5 au 6, ni moto wa kuanzia. Kurekebisha, tumia kilango cha chini cha sigiri: ukikifunga nusu, hewa hupungua na makaa hupoa. Sigiri iliyojengwa kwa udongo ndani hushika joto, kwa hiyo usitegemee mabadiliko ya papo hapo. Ipe dakika 5 kabla ya kukigusa tena kilango. Kosa la kawaida ni kufunga, kuona hakuna kinachotokea, kufunga zaidi, na robo saa baadaye moto umezima.

Na choma nje, au kwenye baraza iliyo wazi pande mbili. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Baada ya kuchoma, usiiingize sigiri chumbani kupasha joto usiku wa mvua, hata ikionekana imebaki majivu tu.

Kuchoma

Acha wavu upate moto dakika 5, uusugue, kisha ukate kitunguu nusu, ukichome kwenye uma, ukichovye mafuta na kuusugua wavu nacho. Panga mapaja upande wa pole, ngozi ikitazama juu, nafasi ya kidole kati ya moja na jingine. Yakibanana yanachemshana. Yafunike kwa sufuria kuukuu iliyopinduliwa, isiyo na kishikio cha plastiki, ukiacha upenyo mdogo wa moshi. Sufuria hiyo inageuza sigiri kuwa tanuri: joto linazunguka juu pia, na nyama inaiva bila kutegemea miali ya chini pekee.

Dakika 15 usifunue. Kila ukifunua unaongeza dakika mbili au tatu. Kisha geuza, ngozi chini, bado upande wa pole, dakika nyingine 10. Hapa mafuta ya chini ya ngozi yanaanza kuyeyuka na kutoka taratibu. Kama ngozi ingewekwa kwenye moto mkali tangu mwanzo, ingeungua juu na kubaki na tabaka la mafuta meupe chini yake. Geuza tena dakika 5 hadi 10. Kwa jumla ni kama dakika 30 hadi 35, na kwa mapaja makubwa 40.

Yasiyo na mfupa wala ngozi hayataki safari hii yote. Yaweke kwenye moto wa wastani, geuza kila dakika 2 au 3, na yatakuwa tayari ndani ya dakika 10 hadi 14.

Kama paja linang'ang'ania wavu, usilivute. Nyama huachia yenyewe ikishatengeneza ganda. Ukihisi ukinzani subiri dakika moja. Ukivuta, ngozi inabaki wavuni na paja linabaki uchi. Geuza kwa koleo. Uma unatoboa, na kila tobo ni mlango wa mchuzi kudondokea makaani.

Sasa moto mkali. Koleza kidogo kwa kipepeo, hamisha mapaja juu ya makaa, au shusha wavu, ngozi chini, dakika 4 hadi 6, ukiyasogeza kila nusu dakika. Simama hapohapo. Simu ikilia, iache ilie. Mafuta yatadondoka na miali itaruka. Usimwage maji, maana majivu yataruka na kuganda kwenye ngozi yenye mafuta. Sogeza nyama pembeni, funga kilango, subiri sekunde ishirini, rudisha. Ngozi ikiwa na rangi ya kahawia ya ardhi ya Masaka baada ya mvua na ukiigonga kwa koleo inatoa sauti kavu, imetosha.

Wanaotaka utamu wapake sasa, katika dakika 2 za mwisho: kijiko kimoja cha chakula cha asali, kimoja cha maji ya limau, pilipili kidogo. Sukari huungua haraka kuliko nyama inavyoiva. Mapaja mengi meusi nje na mabichi ndani yanatokana na asali iliyopakwa mwanzoni, au na moto mkali tangu mwanzo, au vyote viwili.

Kujua limeiva

Mwenye kipimajoto cha nyama achome sehemu nene bila kugusa mfupa, maana mfupa hudanganya. Chini ya 74 halijaiva. Likisoma 80 na kitu, tabasamu.

Asiye nacho atazame vitu vitatu kwa pamoja. Nyama imejivuta kutoka kwenye ncha ya mfupa na mfupa unaonekana kwa karibu sentimita moja. Kijiti kikiingizwa kando ya mfupa kinapita bila kukwama, na mchuzi unaotoka ni mwangavu. Na ukilishika paja kwa koleo na kulizungusha kidogo, mfupa unalegea ndani ya nyama. Ukigoma kama jino, rudisha upande wa pole dakika 5.

Wekundu karibu na mfupa peke yake si dalili ya ubichi. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa mdogo, mifupa yake bado haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya kwenye nyama inapochomwa. Tazama nyama yenyewe: iliyoiva ina nyuzi zinazoachana, mbichi inang'aa na kuteleza kama mpira uliolowa.

Kama yametoka makavu ingawa hayakuungua, mara nyingi ni mapaja yaliyovuliwa ngozi na kuachwa juu ya makaa muda uleule wa yale yenye ngozi, au hayakuonja chumvi mpaka mezani. Kama ngozi ni laini kama ya kuku wa mchuzi, ama haikukaushwa mwanzoni, ama uliyafunika baada ya kuyatoa.

Yaache sahanini dakika 5 hadi 8 ngozi ikiwa juu, bila kifuniko, kwenye sahani safi. Ile iliyobeba nyama mbichi isirudi mezani kabla ya kuoshwa kwa sabuni, na koleo vilevile.

Wakati huo makaa yamebaki na joto la wastani, na hapo ndipo pa gonja, ile ndizi ndefu tamu ya kuchoma. Menya gonja iliyoiva hadi ngozi yake kuwa na madoa meusi, iweke nzima kwenye wavu uleule wenye mafuta ya kuku, geuza kila dakika 3, na kwa dakika 15 hivi itakuwa laini katikati. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, nyanya, kitunguu, limau, ili isitoe maji.

Mapaja yakibaki, yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili na yaliwe ndani ya siku tatu. Kuyapasha, weka vijiko 2 vya maji kwenye sufuria, panga mapaja, funika, moto mdogo, dakika 10 mpaka yatoe mvuke hadi kwenye mfupa. Kisha funua na uyageuze ngozi chini dakika 2 maji yakishakauka, mafuta yake yenyewe yaikaange ngozi upya.